Ghala Limejaa, Jeshi Linakufa Njaa: Utatuzi wa Matatizo ya Chakula na Biashara kwenye Gemu za Mkakati

Malalamiko ya wachezaji yana tabia moja: hutaja panapouma, hayataji palipovunjika. Anayelia bei zimepanda huenda shida yake ni sarafu zilizozagaa, na anayelia njaa huenda shida yake ni saa ya seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu. Kwa hiyo kabla hujagusa bei hata moja, andika namba nne za saa 24 zilizopita kwa seva nzima: chakula kilichokuwapo mwanzoni, kilichozalishwa, kilicholiwa au kupotea, na kilichopo sasa. Cha mwanzoni ukiongeza kilichozalishwa na kutoa kilicholiwa, lazima upate kilichopo sasa. Usipopata, ruka hadi sehemu ya mtu anayetajirika bila kulima. Na kama seva haiandiki namba hizo popote, hilo ndilo tatizo lako la kwanza. Ianze kuziandika leo, urudi hapa kesho.

Kila jaribio lifanyie kwenye seva ya majaribio, na nakala ya hifadhidata iwe pembeni.

## "Nililala nina chakula, nimeamka jeshi limekwisha"

Lalamiko hili huja asubuhi, na huja na matusi. Anza na jepesi: muulize mchezaji anasoma namba gani kwenye ukurasa wa ghala. Mara nyingi ukurasa unaonyesha uzalishaji mtupu, si kinachobaki baada ya watu kula. Anaona 400 kwa saa, rangi ya kijani kabisa, kumbe kijiji kinakula 500. Mfumo hauna kosa. Kosa ni la maonyesho. Mwonyeshe kinachobaki, na chini yake mstari mmoja tu: "Chakula kitaisha baada ya saa 6 na dakika 10." Mstari huo utakupunguzia malalamiko kuliko marekebisho yote yaliyo hapa chini.

Pili, tazama walaji wageni. Kwenye gemu nyingi, askari wa rafiki waliokuja kulinda kijiji hula kwenye ghala la mwenyeji. Travian, gemu ya kivinjari iliyoanza 2004, hufanya hivyo, na naona ni kanuni nzuri kwa sababu msaada unakuwa na gharama. Lakini kanuni hiyo ina mlango wa nyuma: mtu anaweza kukutumia askari elfu moja usiku, kwa jina la msaada, wasipigane na yeyote, wakukaushie ghala tu. Hakikisha mwenyeji anaarifiwa wageni wakifika, na kwamba anaweza kuwarudisha kwao bila kumwomba ruhusa aliyewatuma.

Kama hayo yote yako sawa, sasa ingia ndani, kwenye jinsi seva inavyohesabu muda. Gemu nyingi hazikokotoi kila ghala kila sekunde; hungoja mchezaji aingie, kisha huzidisha upungufu kwa saa zilizopita. Njia hiyo ni nyepesi kwa mashine, ila ina mtego. Tuseme ghala lina magunia 600, kijiji kinapungukiwa magunia 100 kwa saa, na kila askari anakula magunia 3 kwa saa. Mchezaji analala saa 9. Chakula kinaisha saa ya 6. Seva inapiga hesabu: saa 9 mara 100 ni 900, pungufu magunia 300, kila askari ni magunia 3, basi waue 100. Hesabu ni sahihi, haki haipo. Ingetazama ile saa ya 6, ingeona kwamba wakiondoka askari 34, ulaji unashuka magunia 102 kwa saa na njaa inakwisha hapo hapo. Watu 66 wamekufa kwa sababu ya uvivu wa msimbo. Nalijua kosa hili vizuri kwa kuwa niliwahi kuliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na nikatetea namba zangu siku mbili nzima kabla ya kukaa chini na karatasi.

Dawa yake: kila kiwango kinapobadilika (shamba limekamilika, jeshi limefika, jeshi limeondoka), funga hesabu ya ghala mpaka dakika hiyo, kisha upige upya ni lini litafika sifuri. Dakika hiyo iandikwe kama tukio ambalo seva italitekeleza wakati wake, mchezaji awe macho au amelala.

La mwisho, na ni nadra, ni saa yenyewe. Seva ikifuata saa ya nchi inayosogeza saa mbele na nyuma kwa majira, mara mbili kwa mwaka utapata saa iliyopotea au iliyohesabiwa mara mbili. Tumia UTC, saa ya pamoja ya dunia isiyosogezwa kwa majira, ndani ya mfumo wote, na saa ya mchezaji ibaki kwenye skrini yake.

Simama hapa: kama unataka kuwarudishia watu majeshi yaliyokufa, usiingie kwenye hifadhidata na kubadilisha safu kwa mkono huku gemu ikiendelea. Mwite anayeisimamia hifadhidata, gemu ifungwe, kazi ifanywe mara moja.

## Kijiji kikianguka hakiinuki

Dalili: mchezaji anavamiwa mara moja, uvamizi mdogo tu, na baada ya siku mbili kijiji kizima ni kaburi. Watu husema mvamizi ana nguvu kupita kiasi. Mvamizi hana kosa. Chukua kijiji hiki:

Wakulima 60, askari 40. Kila mtu anakula 3 kwa saa, kila mkulima anazalisha 5. Kinachoingia ni 300, kinacholiwa ni 300. Sawa kabisa. Wavamizi wanaua wakulima 6. Sasa kinaingia 270 na walaji 94 wanahitaji 282. Pungufu 12, si kitu. Seva inachagua wa kufa kwa bahati nasibu, bila kuangalia kazi yake. Kila anayekufa anaokoa magunia 3. Lakini kwa kuwa wakulima ni 54 kati ya 94, kila kifo kwa wastani kinaondoa pia magunia 2.87 ya mavuno. Faida halisi ya kila kifo ni gunia 0.13. Ili kufuta pungufu ya 12 kwa mwendo huo, lazima wafe watu wote 94. Hesabu yenyewe ndiyo inayoua kijiji.

Sasa badilisha jambo moja: njaa ianze na askari. Wanaondoka askari 4, wanabaki wakulima 54 na askari 36, walaji 90, wanakula 270. Kinaingia 270. Kijiji kimesimama.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kuchunguza ni mpangilio wa nani anaumia kwanza. Ya pili ni adhabu ya njaa kwenye kazi, ile kanuni kwamba mkulima mwenye njaa huvuna nusu. Inaonekana kama uhalisia, na wabunifu wanaipenda, lakini ni kumsukuma anayeteleza. Mimi huiondoa kila ninapoikuta. Kama lazima njaa ipunguze kitu, ipunguze mwendo wa jeshi au nguvu ya mashambulizi. Ya tatu ni kukosa sakafu: hakikisha kuna chakula kidogo kisichotegemea mtu yeyote, iwe ni mto wenye samaki au pori lenye matunda, kinachotosha kuwalisha wakulima wachache wa kuanzia tena.

Njia ya kupima ni rahisi. Kwenye seva ya majaribio ondoa mkulima mmoja kati ya kila kumi, sogeza saa mbele siku tatu, uchore mstari wa idadi ya watu. Ukishuka kidogo ukatulia, umepona. Ukiendelea kuteremka siku ya tatu, bado kuna mzunguko uliojificha.

Marekebisho haya usiyaingize katikati ya raundi. Aliyeanguka jana kwa kanuni za zamani hatakusamehe ukimwokoa jirani yake leo kwa kanuni mpya.

## Maghala yamejaa, chakula hakina thamani

Kwa kawaida chanzo ni kimoja: mavuno yanakua kwa kuzidisha, walaji wanakua kwa kujumlisha. Shamba likipanda ngazi mavuno yanakuwa mara moja na nusu, halafu mara moja na nusu tena, lakini kila kikosi kipya kinaongeza vinywa vilevile. Baada ya wiki mbili kila mtu ni tajiri wa nafaka. Rekebisha upande wa kula kwanza. Warcraft III: The Frozen Throne ya 2003 ina mfano mzuri wa gharama inayopanda na ukubwa: jeshi likipita chakula 50 (humo chakula ni kipimo cha ukubwa wa jeshi), kila dhahabu 10 zinazoletwa huhesabiwa 7, na likipita 80 huhesabiwa 4.

Kuozesha chakula kunavutia lakini humwadhibu aliyelala. Ghala lenye kikomo hufanya kazi ileile bila kumkasirisha mtu.

## Bei zinapanda kila wiki

Kabla ya kusema ni mfumuko, tazama kama bei zote zinapanda au ni ya bidhaa moja. Ikiwa ni chuma peke yake, kuna mtu au ukoo umehodhi chuma. Hilo ni suala la siasa ndani ya gemu, na mara nyingi ni zuri; waache walanguzi wavamiwe. Bei zote zikipanda pamoja, sarafu zimezidi.

Fikiria tangi lenye bomba na tundu. Bomba ni kila kinachozaa sarafu mpya: zawadi za kazi, ngawira za majambazi wa kompyuta, posho ya kila siku. Tundu ni kila kinachozifuta kabisa: ushuru wa soko, ukarabati, mishahara ya askari. Mchezaji akimlipa mchezaji mwenzake, hilo si tundu, sarafu zimehama mfuko tu. Wabunifu wapya hukosea hapo kila mara. Gawanya sarafu zote za seva kwa idadi ya wachezaji walioingia wiki hii, ufanye hivyo kila Jumatatu. Namba ikipanda mfululizo, tundu ni dogo.

Usijaribu kukwepa shida kwa kufunga tangi. Ultima Online ilipoanza 1997 ilikuwa na rasilimali zenye jumla isiyobadilika: kilichotumika kinarudi porini kwa mwingine kukichuma. Wachezaji wakalundika vitu, pori likakauka, ikabidi mfumo ubadilishwe uwe wa bomba na tundu. Watu hulundika. Panga ukijua hivyo.

Panua tundu polepole. Ushuru wa asilimia chache kwenye kila mauzo ni bora kuliko kupunguza zawadi ghafla, kwa sababu kupunguza zawadi humuumiza mgeni asiyekuwa na akiba na humwacha mkongwe juu ya rundo lake. Si kazi ndogo hii: EVE Online, iliyofunguliwa 2003, iliajiri mwanauchumi kamili, Eyjólfur Guðmundsson, mwaka 2007.

Simama hapa: kama sarafu za gemu yako zinanunuliwa au kuuzwa kwa fedha halisi, hata kwa mlango wako mwenyewe, usibadilishe thamani yake kabla ya kuongea na mwanasheria na mhasibu. Hapo huchezi tena.

## Kuna mtu anatajirika bila kulima wala kupigana

Huenda ni mchuuzi hodari tu. Ananunua nafaka kusini kwa bei ya chini, anaipeleka kaskazini kwenye vita, anauza mara tatu. Fuatilia misafara yake siku moja. Kama mizigo inasafiri kweli na inaweza kuporwa njiani, mwache. Huyo ndiye uliyemjengea soko.

Ikiwa haendi popote, tafuta mduara wa faida. Orodhesha kila duka linaloendeshwa na kompyuta na viwango vyake. Tuseme mbao 100 hubadilishwa kwa nafaka 120, nafaka 120 kwa chuma 60, chuma 60 kwa mbao 105. Zidisha viwango: 1.2 mara 0.5 mara 1.75 ni 1.05. Chochote kinachozidi 1 ni mashine ya kuchapa mali. Asilimia 5 inaonekana ndogo, lakini akizunguka mara 50, mbao 100 zimekuwa kama 1,147, na boti, programu inayocheza badala ya mtu, huzunguka mara 50 kabla chai haijapoa. Kila mduara uwe chini ya 1, ikiwamo mifupi ya kununua na kuuza kitu kilekile. Age of Empires II ya 1999 inajikinga kwa makato ya asilimia 30 kwenye soko lake, yanayoshuka hadi 15 kwa teknolojia ya baadaye, huku kila muamala ukisogeza bei kinyume cha mnunuzi. Makato na bei inayosogea, vyote viwili, kimoja hakitoshi.

Kisha angalia desimali. Ushuru wa asilimia 3 kwenye mauzo ya sarafu 1, ukikata desimali, ni sifuri. Mchezaji mjanja atauza gunia moja moja mara elfu asikulipe kitu. Ushuru uupandishe daima hadi namba nzima, malipo kwa mchezaji uyashushe.

La mwisho ndilo la kutisha: magunia yanayozaliana. Namba zako nne za mwanzo hazikubaliani, maghala yana zaidi ya kilichovunwa. Chanzo cha kawaida ni maombi mawili kufika kwa wakati mmoja. La kwanza linasoma ghala, linaona 500. La pili linasoma kabla la kwanza halijaandika, nalo linaona 500. Yote mawili yanatuma 500, na ghala linaandikwa sifuri mara mbili. Ndugu yake ni msafara unaofutwa katika sekunde ileile unapofika: mzigo unarudishwa kwa mtumaji na unapokelewa na mpokeaji. Kusoma, kuhakikisha na kutoa lazima viwe tendo moja lisilogawanyika ndani ya hifadhidata. Kujaribu ni rahisi: tuma maombi mawili kwa pamoja, mara mia, kwenye ghala lenye mzigo wa kutosha ombi moja. Likipita la pili hata mara moja, una mwanya wa wizi.

Simama hapa, na hapa namaanisha: funga soko na misafara mara moja, sehemu nyingine za gemu ziendelee. Usitangaze mbinu ilivyokuwa. Usifute kumbukumbu za seva, hata zikijaza diski. Mwite mhandisi wa hifadhidata, na mtu ambaye amewahi kurudisha seva nyuma kwa nakala. Kulifanya hilo kwa mara ya kwanza huku wachezaji wanapiga kelele ni kuomba balaa la pili.

## Wanyonge watano wanamlisha mkubwa mmoja

Chora chakula kinachotoka na kinachorudi kati ya kila jozi ya wachezaji kwa wiki nzima. Biashara ya kweli ina pande mbili, hata kama upande mmoja unalipa ulinzi. Akaunti inayotoa kila siku na haijapokea hata mkuki mmoja ni kisima cha mtu.

Usihukumu kwa anwani ya IP, namba ya muunganisho wa intaneti, peke yake. Ndugu wa nyumba moja na wanafunzi wa bweni moja wana anwani moja na ni watu halali. Bora kinga kuliko upelelezi: weka kikomo cha chakula ambacho akaunti changa inaweza kutoa bila kupokea kitu cha kulingana nacho. Kabla ya kumfungia mtu, watu wawili wasome ushahidi kila mmoja peke yake.

## Soko lipo, halina watu

Sababu kuu, na karibu kila mara ndiyo: kila kijiji kinazalisha kila kitu. Nani atanunua mbao ilhali ana msitu nyuma ya nyumba? Gawa ramani isivyo sawa, kwa kusudi. Baada ya hapo tazama kama ushuru unazidi faida, na kama msafara unachukua muda mrefu kuliko njaa yenyewe. Mchezaji mwenye chakula cha saa 4 hawezi kungoja msafara wa saa 7.

Upande wa pili nao una hatari. Diablo III ilikuwa na nyumba ya mnada iliyofanya kununua kuwe rahisi kuliko kucheza, na ikafungwa Machi 2014. Mzigo uwe na safari.

## Skrini mbili zinaonyesha maghala mawili tofauti

Hutokea zaidi kwenye gemu za papo kwa papo ambamo kila kompyuta inaendesha mchezo mzima yenyewe na kupeana amri tu. Kwanza hakikisha matoleo ya gemu yanalingana. Kisha tafuta desimali: kompyuta mbili zinaweza kujumlisha 0.1 mara elfu na kutofautiana mwishoni. Hifadhi chakula kwa namba nzima, gunia moja liwe vipande 1,000, na ugawanye wakati wa kuonyesha tu. Halafu angalia bahati nasibu. Kila kompyuta ianze na mbegu ileile, yaani namba ya kuanzishia bahati nasibu, na iichote kwa mpangilio uleule, na picha za ndege wanaoruka juu ya shamba zisichote kutoka mfuko huo.

Zikiendelea kuachana baada ya hapo, usiandike kiraka kinacholazimisha ghala moja lifuate jingine. Kitaficha dalili, na maghala yataachana mahali pengine usipopaona. Hifadhi rekodi ya amri zote za mchezo mmoja ulioharibika, pamoja na jumla ya kila ghala kwa kila mpigo, yaani kila hatua moja ya hesabu ya mchezo, umkabidhi mtaalamu wa mitandao ya gemu. Atakachotafuta ni mpigo wa kwanza ambao namba mbili hazikulingana.